Herufi ya Nne

Jumamosi jioni, Columbia Heights, Minnesota.
Theluji imepanda hadi kingo ya dirisha la jikoni.
Yudon ameegemeza kishikwambi kwenye kopo la unga wa shayiri,
akanimiminia chai yao, ya chumvi na siagi:
Kaa hapo. Usiseme kitu.

Tuko zamu moja, mimi naye.
Usiku kucha tunawageuza wazee wa watu vitandani
wasichubuke mgongo;
alfajiri basi linatushusha kwenye nyumba moja,
yeye juu, mimi chini. Namjua hadi kishindo cha kisigino.

Vidirisha vinafunguka: kimoja, vitatu, ishirini na sita.
Toronto. Ithaca. Dereva aliyeegesha lori nje ya Calgary,
kofia kichwani, injini ikinguruma.
Na mzee Samphel, ambaye hajui kamera iko wapi;
kila wiki tunaonyeshwa paji lake la uso, na taa ya darini.

Hawaanzi kwa dua. Pema, muuguzi, anauliza kwanza:
Nani hakupata usingizi wiki hii?
Mkono wa dereva. Mkono wa msichana wa chuo.
Samphel, aliyefiwa na mkewe majani yalipokuwa yakipukutika,
hanyanyui mkono. Paji linainama tu,
tunaona upara.
Kule Calgary, injini inazimwa.

Ndipo wanasoma dua, na mtandao unaikatakata:
Ithaca wanamaliza, Toronto wako katikati,
sauti zinaingia kama watu wa msibani,
kila mtu kwa saa yake,
na hakuna anayeambiwa amechelewa.

Baadaye ni zamu ya watoto. Mwalimu Ngodup ana ubao na chaki.
Choezom wa Yudon, miaka saba, mzaliwa wa hapa hapa,
anazitaja tatu za kwanza kama anahesabu pipi: ka, kha, ga.
Ya nne inamkwama.
Na, anasema. Inga. Anacheka,
halafu hacheki tena.

Nikasahau nilichoambiwa.
Ng'a! nikasema. Kama ng'ombe. Kama ng'oa, kama ng'ang'ana.
Shuleni kwenu wanaiweka mwisho wa neno,
kama mtoto wa dawati la nyuma.
Wewe mlete mbele.

Nani huyo? likauliza paji la Samphel.
Jirani, akasema Yudon. Kwao wanayo.

Mwalimu akafuta vumbi la chaki kwenye suruali:
Sisi herufi hiyo ikisimama peke yake ni neno.
Maana yake, mimi.

Chai ikanipoa mkononi.
Miaka kumi na moja nyumbani wananiita mtu wa ng'ambo,
nami naitika,
wala sikujua kwamba hapo mwanzoni mwa ng'ambo,
kabla ya ule upande wa pili,
kuna mtu amesimama anajitaja.

Saa mbili usiku vidirisha vikafungwa. Kikabaki kimoja.
Samphel hajui pa kubonyeza ili atoke,
au anajua.
Choezom akavuta kiti, akakaribisha mdomo kwenye kioo.
Ng'a, akasema, karibu sawa.
Ng'a, likajibu paji. Tena.

Tulivaa makoti, tukamwachia babake funguo.
Hadi chini ya ngazi nilikuwa bado nawasikia
wakikosea, wakirudia,
na Yudon mbele yangu akikwangua barafu kwenye viatu
bila sababu, asitake kuufungua mlango wa nje.