Kwenye Mstari wa "Kazi"

Ndahani ametugawia karatasi alizochana kwenye daftari,
kazipiga mistari kwa rula ya mdogo wake wa darasa la tano:
Jina. Kabila. Nguvu. Kazi.
Kete ya pande ishirini ni moja tu,
tunaipokezana kama pilipili ya mezani,
na upepo wa Nkuhungu unasukuma mlango wa bati
kana kwamba nao umealikwa.

Zefania hakufikiri. Ameshaandika: Mchawi wa Moto.
Nyemo ameandika Kuhani, anataka kufufua wafu,
ila anauliza kwanza kama makuhani wa huko hufunga Ijumaa.
Mimi kalamu imesimama.
Ndahani ananisomea waliobaki, wasio na uchawi,
kwa sauti ya karani anayesoma majina ya waliokosa mkopo:
Askari. Mwindaji. Mpigana mikono mitupu. Mwizi.
"Chukua askari," anasema Zefania,
"uzile ngumi mbele, sisi tupo nyuma yako."

Askari nilimfikiria, sisemi uongo.
Lakini mjomba Mwaluko analinda ghala la zabibu Hombolo,
najua kazi hiyo inavyolipa:
kikohozi, na koti la mlinzi aliyemtangulia.
Mwindaji, asome nyayo?
Mimi nilipotea Mtumba, mchana kweupe,
kwenye barabara iliyonyooka,
bahasha ya maombi ya kazi mkononi.

"Mwizi," nikasema.
Wakacheka mpaka chai ikamwagikia ramani,
mto mpya ukapita katikati ya ufalme.

Hawakumjua baba.
Meza yake ilikuwa soko la Majengo,
kati ya muuza karanga na fundi saa.
Walimjia watu wenye nyuso za mlangoni:
mama aliyefungiwa nje, mtoto ndani, maharage jikoni;
mjane wa Chamwino na sanduku
ambalo marehemu hakusema ufunguo wake uko wapi.
Baba hakupuliza kitu, hakunuia kitu.
Alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa mwenyewe.
Aliinamisha sikio
kama mtu anayesubiri mtoto mwenye aibu amalize sentensi.
"Usililazimishe," aliniambia.
"Likikukataa, chomoa, futa mikono, anza."
Siku nyingine lilimshinda.
Alirudisha hela yote, akakataa hata soda.

Nikafuta Mwizi. Nikaandika Fundi Kufuli.
"Haipo kwenye kitabu," alisema Ndahani.
"Ongeza mstari."
Akaongeza.

Saa tatu usiku tuko ndani ya pango, mlango wa tatu.
Moto wa Zefania umeisha kama yuniti za luku.
Mungu wa Nyemo hapokei.
Wote wawili wananitazama,
na hapo umeme wa kweli ukakatika.

Nilirusha.
Kete iligonga kikombe, ikadunda sakafuni,
ikazama chini ya kabati la mama yake Ndahani,
kabati la mninga, lenye sahani za wageni.
Tulilinyanyua wanne, mchawi na kuhani wakihema,
sahani zikitutetemekea,
tochi ya simu mdomoni mwa Nyemo.
Kokwa za ubuyu. Kijiko kilichopotea tangu Pasaka.
Kete: saba.
Ilitakiwa kumi na nne.

"Haujafunguka," alisema Ndahani,
taratibu, kama anayetoa habari za mgonjwa.
Zefania akasonya. Mara akaanza kueleza
vile askari angeshauvunja kwa bega.

Nafuta mikono kwenye khanga, kiganja kwanza, kisha vidole.
"Kuna kikomo cha kujaribu?"
Ndahani anapekua kurasa kwa mwanga wa simu.
Anapekua.
Mimi nimeshalaza sikio mezani.