Riali Kumi na Moja, Baisa Mia Nne

Mashine ya mlangoni ilinitemea karatasi: tisini na sita.
Nikakaa, baibui langu linanukia iliki na hamira,
nikirudia kimoyomoyo maneno ya tanuri:
la gesi, la trei sita,
mikate ya kumimina arobaini kabla ya adhuhuri,
na Ramadhani hiyo, imeshapiga hodi Sibu nzima.

Kijana wa dirisha la nne, Qais,
aliniamkia shikamoo kabla hajakumbuka yuko kazini.
Kisha akageuza kioo cha kompyuta, kidogo tu,
kama mtu anayefunua sufuria ya jirani.
"Mama Zuwena, alama zako zimeshuka."

Alama.
Nikajitazama mkono.
Hii hapa ya tanuri bovu, juu ya kifundo.
Hii ya chuma cha trei, mwaka juzi.
Hazijashuka, mwanangu, zipo palepale.
"Si hizo," akasema, na masikio yakamwiva.

Riali kumi na moja, baisa mia nne.
Intaneti ya nyumba ya Mabela,
ile tuliyohama baada ya arobaini ya Harith.
Tulibeba magodoro, friji, kanzu zake saba,
tukasahau kisanduku ukutani
kikikonyeza taa ya kijani
kwa vyumba vitupu, miezi miwili.

Bili ikaja, pasiwe na wa kuisoma.
Ikaja tena, imevaa wino mwekundu.
Kampuni ikachoka, ikalitoa deni langu kwa watu wengine
kama mtoto wa kulelewa,
nao ndio waliokuwa wakinipigia saa nane mchana,
namba ngeni, mimi nina unga hadi viwikoni.
Nikisema: matapeli hao. Nikizima.
Sijui nilizima mara ngapi.
Wao wanajua.

Bibi alikuwa akisema roho ya mtu hutundikwa kwa deni lake.
Nilidhani ni mpaka ufe.

Nikalipa palepale, kwa simu, nimesimama.
Dawa ya deni kulipa; nimenyonyeshwa neno hilo.
Simu ikalia *ting*, nyepesi,
kama kijiko kikigonga kikombe.
"Haya. Sasa niandikie tanuri langu."

Qais akashusha sauti.
Deni limekwisha, mama. Habari yake bado.
Itaandikwa limelipwa,
na itaandikwa lilichelewa, na lilifika kwa wadai,
na kila benki itakayofungua jina lako itasoma.
"Mpaka lini?"
"Itakaa," akasema, akipanga kalamu
ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Baba alikuwa na duka Matrah, na daftari la jalada la buluu.
Ukilipa, mstari mmoja juu ya jina lako, basi.
Mwaka ukiisha alilichana karatasi kwa karatasi
akafungia bizari.
Siku moja Bi Thuwaiba alifika nyumbani,
akafungua bizari yake ya mchuzi,
akakuta jina lake mwenyewe, limekatwa, limeingia manjano.
Alicheka hadi akakaa chini.
Deni lake la mchele lilitupwa jaani
pamoja na maganda ya vitunguu,
na keshoye akaja kukopa sukari.

Nje, jua lilikuwa limelala juu ya magari.
Usukani ukanichoma; nikauacha unichome.
Saa nane kamili, simu.
Namba ngeni.
Nikaipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

Sauti ya msichana, tamu, ya benki:
kwa huduma uliyopata leo, mama,
tunaomba utupe alama, moja hadi tano.

Nikaangalia kifundo changu. Nikamfikiria Qais na masikio yake.
"Andika nne," nikasema.
"Lakini mwanangu,
andika kwa penseli."