Nusu Bei, Mtongwe

"Shikamoo," yule binti wa dirishani alimwambia mume wangu,
naye akaitika marahaba kwa kifua,
mkono mmoja kiunoni panapouma,
wa pili umebeba hema tulilokopeshwa na mkwe.

Nyuma ya binti, ubao, rangi yake ya kijani bado mbichi:
KULALA BUSTANINI, MTU MZIMA, SHILINGI MIA SITA.
WAZEE, MIAKA SITINI NA KUENDELEA, NUSU BEI.
Hesabu tuliipiga tangu Chaani,
kivukoni Likoni tukaipiga tena:
mia tatu na mia tatu, sita,
inayobaki mkate wa mofa na pweza wa mchuzi.

Kitambulisho changu kilipita kama uzi kwenye sindano.
"Mbodze Chivatsi, sitini na mmoja. Nusu."
Chake akakitazama, akamtazama yeye,
akakifuta kwa ncha ya mtandio, akakitazama tena.
"Nyamawi Tsuma. Hamsini na minane.
Mzee, wewe bado."

Bado!
Mvi hadi ndani ya masikio,
meno matatu ya mbele yameshastaafu,
na bado.

Ngojeni niwaambie mimi, maana yeye hatasema.
Mwaka ule bandari ilitaka vijana
wasiozidi ishirini na mitano,
naye anayo thelathini, nami nina mtoto mgongoni.
Akaenda kwa karani mmoja, jina lake namsitiria,
na jogoo wa mamangu kwapani.
Kufika adhuhuri jogoo ana mwenyewe mpya
na mume wangu ana miaka mitano pungufu.
Mkato mmoja tu wa wino.
Tukaila miaka ile mitano.
Tukasomesha watatu, tukaezeka mabati,
hata siku moja sikumuuliza
alikoiweka.

Kumbe iko Mtongwe, dirishani,
imekaa kitako inamngoja,
yadai mia tatu zake.

"Mwanangu," akasema, "yaulize magoti yangu."
"Magoti hayana nambari, mzee. Mashine yasoma kadi."
"Basi nirudishie marahaba yangu."
Binti akacheka hadi akaiegemea droo ya pesa,
lakini droo haikucheka.

Tukalipa mia tisa. Pweza akafutwa.
Tukapewa risiti mbili: yangu imeandikwa MZEE,
yake MTU MZIMA.
Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati,
mfuko ule ule wa tembe za presha.

Wakati wa kulisimamisha hema
nilijikalia juu ya jiwe na punguzo langu.
Vuta kamba, kijana, nikamwambia.
Piga kigingi, kijana. Usininunie,
mimi mkubwa wako kwa miaka mitatu, serikali yajua.
Alilitukana lile hema kwa Kirabai
matusi niliyodhani yalizikwa na babake.

Usiku, ng'ambo ya maji, winchi za Kilindini ziliwaka,
zikiinamisha shingo, zikiinua makontena
kama mtu aonjaye chumvi kwenye chungu.
Akazihesabu kwa kidole. Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa yake.
Sasa yumo mwingine kule juu, kijana wa kweli
au wa karatasi, nani ajuaye.

"Mbodze."
"Naam."
"Miaka miwili tu, na mimi napata nusu."
Nilimimina mafuta ya karafuu kiganjani,
nikamfunua shati, nikatafuta pale mahali,
chini ya mbavu, upande wa usukani.
"Miaka miwili," nikamwambia, "utakuwa na sitini na mitano."

Akanyamaza. Mbu mmoja akaingia, akatoka.
Kisha akaniuliza, yule jogoo
alikuwa mwekundu au wa madoa?

Mwekundu, nikasema. Lala kifudifudi.