Mfuko wa Kushoto

Kazi yangu ni kutembea.
Saa mbili asubuhi navaa hedifoni,
nakitia kikuzasauti mfuko wa kushoto,
kidogo kama kiberiti, chuma chake bado cha baridi,
nashika korido ya ghorofa ya tatu
kutoka mlango wa ghala hadi chooni,
kutoka chooni hadi mlango wa ghala,
nikingoja sauti ikatike.

Ikikatika, naandika.
Hatua ya kumi na tisa: mkwaruzo.
Hatua ya ishirini na sita, penye kona: kimya, nusu sekunde.
Mbele ya maikrowevu ya kantini, mtu akipasha wali,
mpiga selo anazama majini,
anaibuka, anapiga noti mbili, anazama tena.

Mfuko wa kulia ni shwari. Siku zote shwari.
Nikamuuliza Mhandisi Tseng, naye hakuinua kichwa:
"Antena ya hedifoni iko kulia,
na mawimbi ya blututhi hayapendi maji.
Na wewe, Hsiu-chu, ni nini kama si maji?
Damu, chai, supu ya jana.
Ukuta ni wewe."

Miaka minane nakilaumu kifaa,
kumbe ni mimi niliyesimama katikati,
kiuno changu baina ya selo na sikio langu.

Basi na iwe hivyo. Ukuta nao una kazi.
Kila kinachotoka hapa kwenda madukani
kimepimwa kwa nyonga hii, kwa unene huu;
mtu wa Oslo, mtu wa Lima, asiyenijua kwa jina wala sura,
anavuka barabara asikatikiwe na besi
kwa kuwa mimi nilikula nikashiba.
Walimleta Yi-ting wa miaka ishirini, mwembamba kama ufito:
mashine zote zikafaulu.
Wakanirudisha upesi.

Alasiri ni zamu ya chumba cha kimya, kuta za sponji.
Huko hakuna kutembea. Ni kukaa
na kusikiliza kisichopaswa kuwepo.
Namwambia Tseng: besi imevimba, kama uso wa aliyelia usiku.
Anataka tarakimu.
Namwambia: huku juu matoazi yana mchanga.
Anataka tarakimu.
Kisha nasimamisha muziki, napandisha sauti hadi mwisho.
Kikuzasauti kibaya hupumua, sss,
sufuria inayokaribia kuchemka.
Kizuri hakina pumzi:
wimbo unaisha, unakanyaga, sakafu haipo.
Mara moja tu, mwaka juzi,
nilimsikia mpiga selo akivuta kamasi kabla ya kuanza.
Nikakipa alama zote.

Jioni, upepo wa Hsinchu unagonga mabati ya balkoni.
Naosha bakuli. Kwa mbali linakuja lori la taka
na muziki wake uleule, spika imepasuka sijui tangu lini,
besi hakuna, juu kote makopo,
noti moja ilikwishakufa, tunairukia kwa mazoea.
Sikio la kazini linaanza kuandika:
hatua ya kwanza, mkwaruzo; ya pili, mkwaruzo.

Lakini hakuna aliyelikosa.
Bibi Yeh wa ghorofa ya tano, kiziwi wa sikio moja,
ameshatutangulia chini na mifuko yake,
kandambili za marehemu mumewe miguuni;
mwanafunzi, mpishi wa tambi, dereva aliyetoka kuoga,
kila mmoja na maji yake mwilini,
tumesimama tukizibana bega kwa bega,
ukuta nyuma ya ukuta,
na sauti inapita.

Taka nimezibeba mkono wa kushoto.
Nazihamishia wa kulia.
Kazi hii bwana.