Mwezi Usio na Kituo

Mwajiri wangu ni giza.
Mwezi ukikomaa taa za ziwani hazina kazi,
mitumbwi hulala kifudifudi hapa Igombe
na chanja zangu hunuka dagaa wa juzi.
Giza likirudi, Bugingo hulipa:
kila giza, fungu moja.

Mwenye nyumba hajui giza.
Ana kalenda ya duka la saruji,
na kila tarehe mosi hunigongea dirisha kwa funguo.

Sasa sikia. Mwaka ule daftari lilinisuta:
mafungu kumi na matatu, kodi kumi na mbili.
Nikajumlisha kwa kalamu, kwa punje za mahindi,
kwa vidole vya mwanangu Holo na vya jirani.
Kumi na matatu.
Nikaona nimezidishiwa, cha mtu kisije kunitokea puani,
nikafunga fungu zima kwenye khanga, nikamrudishia Bugingo.
Akahesabu. Akatia mfukoni.
Akaniita mama mwaminifu.

Aliyenifungua macho ni Luo, mpima wa darajani,
kisado kimoja cha dagaa kila Jumamosi.
Kwao, anasema, watu wa kale walisimamisha ufito uani
wakapima kivuli cha adhuhuri;
siku kilipolala kirefu kuliko zote
hapo ndipo walipoutia mwaka nanga.
Nikacheka. Hapa kwetu kivuli hakina msimamo:
Juni hutazama mjini, Desemba hutazama Ukerewe,
na kati yake kuna siku hujificha chini ya nyayo.
Luo naye akacheka, akatwaa dagaa kumi na wawili,
akawapanga kwenye turubai.

Hivi ni vituo vya jua.
Toka kimoja hadi kingine, siku thelathini na kipande.
Mwezi, toka giza hadi giza, ishirini na tisa na nusu.
Una haraka, mwezi;
kila mwaka hulitangulia jua siku kama kumi na moja,
mpaka unazaliwa mmoja
unaopenya kati ya dagaa wawili bila kugusa hata mkia.
Huo hapewi namba yake. Huitwa kwa namba ya uliotangulia,
kama mtoto aliyeachiwa shati la kaka.
Mara saba kwa miaka kumi na tisa, akasema,
akala kituo kimojawapo.

Alipoondoka nikalifungua daftari.
Giza la Julai: lilianza tarehe mbili,
mwezi ukajaa, ukapungua, ukafa tarehe thelathini na moja.
Siku zote hizo, dirisha kimya.
Funguo zilipita kabla, zikapita baada.

Basi lile fungu lilikuwa langu.
Lilikuwa bati sita, au viatu vya Holo,
au mwezi mzima wa kulala bila kuhesabu.

Kesho nampitia Bugingo na daftari.
Akinikana,
nitachimbia ufito uani kwake
tungoje Desemba.