Jino la Jicho

Mwalimu Ogweno, darasa la saba, Manyatta,
alituandikia ubaoni namna Mwingereza anavyotamani cha mwenzake:
husema yu radhi kutoa meno ya jicho.
Tukachora jicho lenye meno.
Okumu akalichorea hadi ufizi, akala viboko viwili.
"Ni chonge, enyi vichwa vya maboga!
Yale ya juu yaliyochongoka, yanayokaa chini ya jicho.
Maana yake: nakitaka mno, hata kwa maumivu.
Tungeni sentensi."
Nikatunga: Ningetoa meno ya jicho nipate viatu vya Rispa.
Nikapata mbili juu ya mbili.
Rispa, dawati moja nami, akarudisha miguu chini ya benchi.

Leo tuna vibanda ubavu kwa ubavu, Kibuye,
yeye na mimi na oda za sare.
Yangu ni cherehani ya kukanyaga,
mkanda wake nimeuunga mara nne kwa uzi wa wavu.
Yake ni ya umeme, ilishuka Jumanne kutoka Nairobi,
na nailoni yake bado hajaivua yote.
Inanguruma kidogo tu, kama paka aliyeshiba omena,
na suruali tatu zimekwisha
kabla mimi sijatia uzi kwenye sindano.
Wateja wangu hupita wakinisalimu vizuri sana.
Salamu ndefu hivyo si za mteja.

Kiswahili hakihitaji meno kwa shughuli hii.
Cha mtu hukimezea mate, basi,
na jicho hulipunguza likawa kijicho,
dogo la kupenya tundu kwenye mabati.
Tundu ninalo. Msumari uling'oka, sikuurudisha.

Jioni, nikisugua sufuria, nikamwambia nyanya:
"Dani, kwa cherehani ile ningetoa meno."
Akacheka, pengo lake la chini likafunguka kama lango la boma.
"Mangapi? Mimi nilitoa sita.

Binamu yangu Abuya alitangulia kung'olewa.
Akawa anatema mate kupitia pengo, mbali,
mpaka ng'ambo ya kijito,
nami nikalia wiki nzima: nataka pengo.
Nikapewa. Damu, majivu, uji baridi.
Nikatema mate hadi nikachoka.
Kisha misheni ikafungua shule,
wakaja wasichana na meno yote, yamepangika kama punje za hindi,
nikayatamani yale yale
niliyotamani yatoke."
Akanyamaza, akachokonoa makaa.
"Sasa hiyo mashine, inashona vifungo?"
Sikujua. Nikasema inashona.

Mwezi wa nane chonge yangu ya juu ikaoza.
Nililipa mia tano ikatoka,
jino la jicho, la kushoto, na mzizi wake,
na hakuna aliyenipa kitu badala yake.
Rispa alifunga kibanda saa nne asubuhi,
akaniletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai,
akanishikia kikombe mdomoni kama mtoto.
Nikanywa. Uji ulikuwa mtamu, umekamuliwa ndimu.
Na juu ya ukingo wa kikombe, naapa,
jicho langu lilikuwa pale pale, kwenye ile nailoni.

Jino limo ndani ya kopo la vifungo.
Siku nyingine natafuta kifungo cheupe,
latoka lenyewe.