Mchepuko

Kibao kiliandikwa kwa brashi na mtu mwenye haraka:
MCHEPUKO, na mshale uliochuruzika rangi nyekundu
hadi kwenye nyasi.
Chini yake, kwa herufi ndogo: Miezi sita. Tunaomba subira.
Sita ikafutwa, ikawa tisa.
Kisha mvua ikafuta hesabu yote, ikatuachia subira.

Mimi ni dereva wa mkate.
Saa tisa usiku napakia kreti Barabara ya Enterprise,
mkate ungali moto,
kioo cha mbele kimefuka kwa pumzi yake.
Njia yangu ilikuwa fupi kama salamu ya jirani asiyekupenda:
daraja, mzunguko, Embakasi, maduka kumi na manane,
na saa moja asubuhi niko nyumbani nimevua viatu.

Wakalivunja daraja.
Mto Ngong ukabaki wazi, mweusi, unanuka sabuni na ngozi,
nguzo mbili zimesimama ndani yake
kama watu waliosahau walichofuata.
Nasi tukachepuka:
nyuma ya godauni la vyuma, juu ya reli isiyo na kizuizi,
kupitia bwawa la matope ambalo kila dereva alilibatiza.
Mimi nililiita Mkopo. Kuingia ni rahisi.

Nikawa nafika nyumbani saa tatu. Saa nne.
Nikamwambia Kerubo: ni mchepuko.
Akaacha kuchambua sukuma.
"Anaitwa nani?"
Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

Na kweli, alikuwepo Syombua wa bendera.
Kizibao cha kung'aa, buti moja kubwa kuliko mwenzake.
Alisimamisha malori ya kokoto kwa kidole.
Kila alfajiri nilimpa mkate uliobonyea,
naye akanipa habari:
leo wanamwaga zege, leo hawajalipwa,
leo mhandisi amekuja na viatu vyeupe
na ameondoka navyo vyeupe.
"Zege halikimbizwi," aliniambia.
"Ukilinyima siku zake, litakudai ukiwa juu yake."

Na vilikuwepo vibanda vitatu kando ya matope:
kwa Akelo, kwa Baba Nzilani,
na kile kisicho na jina, chenye mlango wa bati la bluu.
Wiki ya pili walinipungia mkono.
"Kwani mkate hupita huku?"
Haukuwahi kupita.
Wakaanza na mitano, wakafika thelathini.
Kwenye daftari la kampuni hawamo.
Niliwaandika pembeni kwa penseli;
penseli haijifanyi ya milele.

Mwezi wa kumi na tisa wakafungua daraja.
Hema, utepe, viti vya plastiki, hotuba.
Nililipita usiku uliofuata, nikahesabu:
sekunde kumi na moja.
Springi mbili, eksozi moja, ndoa iliyotikisika kidogo,
sekunde kumi na moja.
Lami laini kama uso wa mtoto aliyelala. Taa zote zinawaka.
Hakuna aliyenisimamisha.
Mkate uliobonyea ulibaki kitini mpaka ukakauka.

Nilimuulizia Syombua kwa bawabu wa godauni.
Akaelekeza kidevu upande wa Kangundo:
huko nako wamevunja kitu.
Kibao cha mchepuko kimelazwa juu ya mtaro,
uso chini, na watu wa asubuhi
wanakikanyaga kuvuka kwenda kazini.
Hakuna aliyekikatia utepe.

Juzi mikono yangu ilikata kona kabla yangu.
Mkopo umekauka, umepasuka vigae vigae.
Mlango wa bluu ulifunguka kabla sijapiga honi.

Nikafika nyumbani saa tatu.
Kerubo akatazama saa, akanitazama.
"Na daraja si lipo?"
Nikaliweka daftari mezani, ukurasa wa penseli.
Haya, nikasema, uliuliza majina.
Akavuta kiti. Akasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari.
"Na huyu wa mlango wa bluu?"
Huyo, nikakiri, bado sijamuuliza.